Barua kwa Sekela, kabla hujanunua mashine ya kudarizi

Soweto, Mbeya
Jumapili jioni, Julai

Mwanangu Sekela,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, mara ya tatu mdogo wako alikuwa anadai simu yake nikamwambia angoje. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu mambo haya ukisimuliwa kwa sauti yanapita, nawe utataka kuyarudia ukiwa umesimama dukani na muuzaji anakuharakisha. Huku baridi usiulize. Asubuhi maji ya bomba yanauma vidole, na najua hapo Makambako mna upepo wa kukata masikio. Nasikia siku hizi unaamkia watu "kamwene" kama mzaliwa wa huko. Vizuri, mteja huamkiwa kwa lugha yake.

Nirudie ulichoniuliza ili tuwe pamoja. Una akiba ya milioni sita. Shule moja imekuahidi oda ya masweta mia mbili yenye nembo kifuani, wanafunzi wakifungua Januari yawe tayari. Mbele yako kuna mashine mbili. Moja mpya, ndogo, ya sindano moja, fremu yake ya kubania nguo sentimita 13 kwa 18. Nyingine imeshatumika, ina sindano 12, mwenye nayo yuko Dar, na ili uichukue itabidi ukope juu ya hiyo akiba. Uchukue ipi, na ukishaichukua ununue nini kingine?

Chukua ndogo. Usikope. Na theluthi ya hiyo fedha itenge pembeni kwa ajili ya vitu ambavyo havionekani kwenye picha ya tangazo. Najua hujaridhika, kwa hiyo keti.

Unaikumbuka ile mashine iliyokuwa sebuleni imefunikwa kitenge, ukawa unaandikia madaftari yako juu yake? Uliwahi kuniuliza kazi yake nini, nikakujibu inapumzika. Sikukudanganya sana, ila sikukumalizia.

Mimi nilijifunza kudarizi kwa cherehani nyeusi ya miguu, Singer. Unatoa mguu wa kukandamizia, unafunika meno ili yasivute kitambaa, unabana kazi kwenye fremu ya mbao ya duara, halafu mikono yako ndiyo inayochora. Nimedarizi vitambaa vya makochi vya nusu ya mtaa huu. Mashuka na foronya za maharusi, maua ya waridi, "Usiku Mwema" kwa herufi za kulala. Ilikuwa inalipa polepole. Kisha nikaona mashine ya kompyuta ikifanya kwa dakika kumi kazi yangu ya saa mbili, tamaa ikanishika. Nikakopa kwenye kikundi, nikanunua iliyotumika, ya sindano tisa. Fedha yote ikaishia kwenye mashine na nauli ya lori. Sikubaki hata na ya kununua mkasi mpya.

Oda ya kwanza ikawa masweta arobaini ya shule. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anaijua kazi akaniambia, "Usisahau stabilaiza." Mimi nikafikiri anasema ile ya umeme, ya kukinga friji. Nikamjibu kwa kiburi kwamba umeme wa kwangu hauna shida. Sekela, kumbe wanaodarizi kwa mashine kitambaa kinachokaa chini ya nguo nacho wanakiita stabilaiza! Wengine husema bekingi, na mimi nitasema bekingi humu tusichanganyane tena. Sikuwa nayo. Nikavuta sweta kwenye fremu likakaza kama ngoma, nikashona, nembo ikatoka nzuri ya kupigia picha. Nilipolitoa kwenye fremu, sweta likarudi ukubwa wake, uzi ukakataa kurudi. Nembo ikakunjamana kama uso wa mtoto aliyenyimwa chai. Nikafikiri dawa ni kuweka gazeti chini. Kwa macho ilisaidia, lakini lilipofuliwa mara ya kwanza gazeti likalowa likatoka, wino ukaingia kwenye mashati meupe ya ndani, na nembo ikajikunja palepale. Wazazi wakaja mlangoni na masweta mikononi. Nililipa yote arobaini. Viazi vya shamba la Umalila vya mwaka ule, magunia ya lumbesa kabisa, viliishia huko, na baba yako hakusema neno, jambo ambalo lilinichoma zaidi kuliko angesema.

Hiyo ilikuwa stabilaiza ya kwanza. Ya pili ilikuja miezi mitatu baadaye: umeme ukakatika nikiwa katikati ya kazi, uliporudi ukarudi kwa nguvu, bodi ya mashine ikaungua. Fundi akatoka Dar kwa nauli yangu, akafungua, akaangalia, akafunga. Bodi ya toleo lile ilikuwa haitengenezwi tena. Ndipo ikaanza kupumzika.

Kwa hiyo nikikwambia uanze na sweta, siyo na mashine, nasema kwa gharama niliyoilipa mwenyewe. Nenda kwa mwalimu mkuu uombe sweta moja la shule, lishike, livute. Kitambaa kinachovutika kinataka bekingi ya kukata. Hiyo hubaki ndani ya nguo maisha yake yote; ukimaliza kushona unaigeuza nguo na kupunguza kwa mkasi inayozidi, ukiacha kama nusu sentimita kuzunguka nembo. Kitambaa kisichovutika, kama kaki au gabadini, kinatosha bekingi ya kuchana, ambayo unaivuta kwa vidole kama karatasi. Ukimwuliza muuzaji akakwambia zote ni sawa tu, ondoka. Zile gamu za kola wanazouza maduka ya vifaa vya ushonaji si bekingi, hata kama zinafanana. Zinasaidia kukaza kitambaa chepesi kabla ya kukidarizi, lakini hazibebi nembo peke yake.

Halafu sweta lina mabonde. Nyuzi za kufuma zinaacha mashimo, na uzi wa kudarizi ukianguka humo herufi zinamezwa. Ndiyo maana juu ya sweta, na juu ya taulo pia, tunatandika utando mwembamba kama nailoni unaoyeyuka kwenye maji. Ukimaliza unauchana, vipande vilivyobaki unavilowanisha na kitambaa chenye maji, vinapotea. Zamani tulitumia mfuko wa rambo kwa kazi hiyo, mabaki yakawa yanachungulia kwenye herufi miaka na miaka. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 hata huo ujanja umekwisha, na sisikitiki.

Nguo kwenye fremu ikae imenyooka, isivutwe. Ukiwa na sweta, banisha bekingi peke yake kwenye fremu, ipulizie gundi ya kupuliza kidogo, kisha lilaze sweta juu yake bila kulibana kabisa. Jambo hili lingenisaidia sana mwaka ule.

Sasa mashine. Hiyo ndogo ina kitanda bapa. Sweta lililokwisha kuungwa mbavu ni kama mfuko: ili kifua kikae chini ya sindano itabidi ulikunje na kulizungushia fremu, na mara moja ukisahau unashona kifua kikashikana na mgongo. Kila aliyefanya kazi hii ameshona kifua na mgongo angalau mara moja. Mashine ya sindano nyingi ina mkono mwembamba unaoingia ndani ya nguo, mgongo unaning'inia chini, hakuna shida. Hapo mashine kubwa inashinda, na pia kwenye kofia za kapelo. Kapelo kwa mashine bapa ni mateso, usipokee.

Lakini nembo ya shule haina lazima ya kudariziwa juu ya sweta lenyewe. Darizi beji. Unachukua kaki au gabadini ya rangi ya sweta, unaibanisha kwenye fremu na bekingi ya kuchana tabaka mbili, unashona nembo, unamalizia na mshono mzito wa kuzunguka ukingo, unakata, unaishona kifuani kwa cherehani yako ya kawaida. Ukiharibika mshono umepoteza kipande cha kaki badala ya sweta la mtu. Na mzazi ataipenda zaidi, kwa sababu mtoto akikua beji inafumuliwa na kuhamia kwenye sweta jipya. Mpelekee mwalimu mkuu beji moja ya mfano aone kabla hujasema lolote kuhusu bei.

Tupige hesabu. Nembo ya shule ya upana wa sentimita 6, rangi tatu, huwa na mishono kama elfu sita. Kwenye fremu ya 13 kwa 18 zinaingia beji nne bila kubanana. Hiyo ni mishono elfu ishirini na nne. Mashine ikienda mishono 600 kwa dakika, ni dakika arobaini. Ongeza dakika kumi na tano za kubadili uzi, kubanisha fremu na uzi kukatika, maana utakatika. Kwa siku ya saa nane unatoa fremu nane, beji 32. Mia mbili ni wiki moja ya kazi na saa chache juu yake, na Jumapili unakwenda ibadani. Umeona? Hofu ya "oda mia mbili nitaiwezaje na sindano moja" imeisha hapo. Ila panga faili, yale maelekezo ya kushona yanayoingizwa kwenye mashine, ili ishone nyekundu ya beji zote nne kwanza, kisha njano ya zote, kisha nyeupe. Vinginevyo utabadili uzi mara kumi na mbili kwa kila fremu badala ya mara tatu, na utaichukia kazi kabla ya Novemba kwisha.

Nunua fremu ya pili ya kipimo kilekile. Moja ikiwa kazini, wewe unabanisha nyingine. Kati ya vitu vyote vidogo hiki ndicho kinachorudisha fedha yake upesi.

Mashine ya nyumbani haikuundwa kuzunguka mchana na usiku mwaka mzima, hilo ni kweli na sikufichi. Itachoka. Lakini ikichoka itakuwa imekufundisha, na haina deni la mtu.

Ukija kuwa na fedha ya kubwa, tukaikague pamoja. Nitakwambia tutakachoangalia. Kibati cha nyuma kwanza: umeme wetu ni volti 230, mashine zilizotoka Marekani au Japani nyingi ni za volti 120 au 100, ukizichomeka moja kwa moja zinatoa moshi. Kisha tutauliza inasoma nini. Za zamani zinasoma diski zile bapa za kompyuta za enzi hizo, si flashi, na kumpata mwenye diski siku hizi ni kama kutafuta sindano kwenye majani. Tutaangalia kwenye kioo chake imeshashona mishono mingapi. Tutaiomba ishone na sindano zote 12, moja baada ya nyingine, kwa saa nzima, mimi nikiwa nimekaa pembeni kimya nasikiliza. Muuzaji akisema umeme hautoshi au uzi umeisha, tunaaga. Tutauliza fremu zake ziko wapi, maana mashine bila fremu zake ni meza. Na swali la mwisho ndilo zito kuliko yote: fundi wa toleo hili aliye karibu nasi ni nani, na mara ya mwisho alipata wapi kipuri? Kama jibu linahitaji basi la usiku, bei yake ni mara mbili ya ile wanayotaja.

Huyo wa Dar umemwuliza lolote kati ya hayo? Najua hujamwuliza.

Nakuja kwenye uzi, kwa sababu ndiko wanakoanza kubana matumizi. Uzi wa kushonea nguo usiutumie kudarizi. Hauna mng'ao, una vumbi la nyuzi linalojaa kwenye nyumba ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kwa mwendo ule unakatika kila mara. Nunua uzi wa kudarizi wa namba 40, polista. Kuna uzi wa reyoni unaong'aa vizuri zaidi, nao mzuri kwa vitambaa vya mezani, lakini masweta ya shule yanafuliwa kwa sabuni kali, mama mwingine anatia jiki, yanaanikwa juani mchana kutwa. Reyoni itapauka na kuchoka, polista itavumilia. Ukitaka kujua muuzaji amekupa upi, choma ncha ya uzi kwa kiberiti: polista inayeyuka na kuacha punje ngumu, reyoni inaungua kama karatasi na kuacha majivu. Muuzaji atakutazama vibaya. Mwache akutazame.

Mishono elfu moja inakula uzi wa juu takriban mita tano hadi sita. Beji zako mia mbili ni mishono milioni moja na laki mbili, yaani kama kilomita sita na nusu za uzi kwa rangi zote. Kwa hiyo rangi inayotawala nembo inunue kwenye koni ya mita 5,000, nyingine vidonge vya mita 1,000 vinatosha. Koni haikai kwenye mashine ndogo, tafuta stendi ya uzi uiweke nyuma ya mashine. Usinunue boksi la rangi sitini kwa sababu linapendeza. Shule za huku zinazunguka kwenye rangi zilezile: nyeupe, nyeusi, bluu ya bahari, bluu iliyoiva, nyekundu, damu ya mzee, njano ya dhahabu, kijani mbili, kijivu, kahawia. Nunua hizo za kiwanda kimoja, na namba ya kila rangi iandike kwenye daftari la oda. Mwakani shule ikirudi na masweta hamsini, kijani isipofanana utaambiwa umechakachua.

Koni zifunike. Vumbi la Makambako nalijua, na uzi uliokaa dirishani juani unakuwa dhaifu bila kuonyesha.

Uzi wa chini ni mwembamba zaidi, mweupe, unauzwa wa kazi hiyo. Jaza bobini ishirini jioni ukiwa unasikiliza redio. Bobini ziwe za mashine yako: mashine nyingi za Brother za nyumbani zinatumia ya plastiki yenye urefu wa milimita 11.5, na zipo zinazofanana nazo sana lakini fupi kidogo, zinagonga humo ndani. Ukishashona, geuza kazi uangalie mgongo wake. Kwenye mshono mpana uone mstari mweupe katikati, theluthi ya upana, na rangi ya juu pande zote mbili. Nyeupe ikipanda juu ya nguo, uzi wa juu umekaza mno au wa chini umelegea. Nyeupe isipoonekana kabisa nyuma, ni kinyume chake. Usiguse skrubu yoyote kabla hujapitisha uzi upya tangu mwanzo na kubadili sindano, maana mara tisa kati ya kumi tatizo ni hayo mawili.

Sindano ni rahisi, na watu bado wanazionea uchungu. Namba 75/11 itafanya karibu kazi zako zote. Yenye ncha ya mviringo kwa sweta na fulana, yenye ncha kali kwa kaki. Badilisha kila baada ya saa nane hivi za kushona. Zile za mashine za nyumbani shina lake lina ubapa upande mmoja, za viwandani shina ni mviringo, haziingiliani. Siku ukipata kazi ya majoho ya kwaya na wakataka uzi wa dhahabu, panda hadi 90/14 na upunguze mwendo hadi nusu, la sivyo utalia.

Faili la nembo. Watu wengi wanafikiri unaipiga picha nembo, unaingiza kwenye mashine, inashona. Picha si faili. Lazima mtu akae kwenye kompyuta aamue mshono uanzie wapi, ulale upande gani, chini yake uwepo mshono wa msingi, na nafasi kati ya mshono na mshono iwe ngapi. Kawaida ni milimita 0.4. Ukibana zaidi beji inakuwa ngumu kama ubao na sindano zinavunjika. Mashine za Brother zinasoma faili la PES, nyingi za viwandani zinasoma DST, na DST halibebi rangi, kwa hiyo ukilipokea liwe na karatasi ya mpangilio wa rangi.

Kwa oda hii ya kwanza mlipe mtu anayeijua kazi akutengenezee. Mwambie utashona juu ya nini, maana faili la kaki si la sweta. Na mpatane kabla kwamba faili ni lako, uliweke kwenye flashi na kwenye barua pepe yako. Wanaofanya kazi kubwa wanatumia programu ya Wilcom, ambayo ni ghali. Ile kompyuta yako ya chuo inatosha kuweka Ink/Stitch, ni ya bure, ujifunzie usiku. Anza na jina lako, kisha ua, kisha ndipo nembo. Utaharibu sana. Nunua masweta ya mitumba ya bei ya chini uharibie hayo. Hapa Mwanjelwa yapo ya kumwaga na kwenu siku ya mnada vilevile.

Mwalimu mkuu atataka kaulimbiu chini ya nembo. Wote wanataka. Hesabu naye pale pale: "Elimu ni Ufunguo wa Maisha" ni nafasi 26 ukihesabu na zilizo wazi. Kwenye sentimita 6 kila herufi inapata milimita mbili na kidogo. Herufi ya kudariziwa ikishuka chini ya milimita 5 kwa urefu inaanza kuziba, na ya upana huo haisomeki. Ama beji ikue, ama kaulimbiu ibaki kwenye ubao wa getini. Mwonyeshe kwa rula, usibishane naye kwa maneno. Na upate barua yenye mhuri kwamba shule imekupa kazi ya kutengeneza nembo yake. Akija mtu na nembo ya kampuni au ya chama, fanya hivyo hivyo. Nguo za majeshi usiziguse hata kwa beji moja.

Umeme. Nunua stabilaiza, ile ya ukutani, na yupiesi. Hiyo yupiesi kazi yake ni kukupa dakika chache usimamishe mashine kwa utaratibu, si kushonea. Dukani waombe wakuonyeshe kama mashine inakumbuka ilipoishia umeme ukikatika. Wazime kwenye soketi mbele yako katikati ya mshono, wawashe, uone kama inaendelea palepale. Wakikataa kuzima, wanalijua jibu.

Vidogo vidogo: mkasi mdogo wenye ncha iliyopinda wa kukatia uzi karibu na kitambaa, kifumulio, chaki ya fundi, futi, mafuta meupe ya cherehani, brashi ndogo ya kusafishia chini ya sahani ya sindano. Pasi unayo. Meza isitikisike, hilo ni la kusisitiza. Meza ya mashine ikicheza, duara linatoka yai.

Bei yako ipange kwa mishono. Weka kiasi kwa kila elfu moja, ongeza kitambaa, bekingi na muda wa kushonea beji, na gharama ya faili itoze peke yake mara moja tu. Usitaje bei kwenye simu kabla hujaona nembo. Chukua nusu mkononi kabla ya kuanza, hata kwa mwalimu mkuu, hata kama ni mzee wa kanisa.

Mkopo, kama utautaka baadaye, kuna ule wa halmashauri wa asilimia kumi ya mapato yao: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Hauna riba, lakini mwanzo wake ni kikundi, na kikundi chako ukichague kama unavyochagua mchumba. Pita SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, uulize na mafunzo yao ya biashara ndogo. Hayo ni ya mwakani. Sasa hivi unahitaji mashine iwe mezani kabla ya mwisho wa Agosti, ili Septemba na Oktoba uwe unaharibu masweta ya mitumba, Novemba uanze za kweli.

Ile mashine ya sebuleni niliiuza chuma chakavu mwaka juzi, sikukwambia. Lakini fremu yangu ya mbao ya duara ninayo, na mkasi uliopinda ninao, ule wenye kipini kilichofungwa uzi mwekundu. Nitampa kondakta wa basi la Alhamisi pamoja na ndizi. Sweta la mfano ukishapewa na mwalimu mkuu, nitumie kwa basi hilo hilo likirudi. Usilifue kwanza, nataka kuona linavyovutika likiwa jipya.

Mama yako